Programu Iliyodai Jina la Baba

Twalibu aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa sahani ya pilau ya harusi. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akamwita binti yake aliyekuwa bado anavua viatu barazani.

"Zule, hebu nisomee hapa. Macho yangu yananicheza."

"Shamba namba sufuri sufuri sufuri moja," Zuleha akasoma. "Bonde la Mzeleza, ekari mbili na nusu. Mmiliki, Twalibu Hamisi. Mrithi, Zuleha Twalibu."

"Rudia."

Akarudia. Twalibu akajipiga paja, akacheka mpaka akakohoa. "Allahu akbar! Tena ina nembo ya chuo kikuu! Mwanangu, hii umeitoa huko huko chuoni?"

"Ndiyo, baba, lakini ni ya majaribio tu. Mwalimu anataka watu waikague kabla hatujawasilisha Alhamisi."

"Majaribio yana nembo?"

Hapo ndipo Zuleha alipotakiwa kusema. Alimtazama baba yake: mtu wa miaka hamsini na mitatu, visigino vimepasuka, viganja vina sugu, mtoto wa kibarua wa miwa aliyezaliwa kwenye kambi za Turiani, hana kwao hata tuta moja la viazi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona akicheka namna ile. Akanyamaza. Mjinga ni nani hapo, aliyenyamaza au aliyeamini karatasi? Mimi nasema wote wawili, ila mmoja alikuwa amesoma.

Maana kosa alilijua. Mwaka wa pili huu yuko chuoni Morogoro mjini, na muhula mzima Mwalimu Cecilia amewafundisha kuandika programu kwa klasi na objekti. Klasi ni kalibu, aliwaambia, objekti ni tofali linalotoka ndani yake. Kalibu ikikaa upande, usilitukane tofali. Mradi wa Zuleha na mwenzake Ernest ulikuwa daftari la mashamba la kitongoji cha kina Zuleha huku milimani. Wakagawana kazi. Zuleha akaandika klasi ya Shamba na ya Mtu, Ernest akaandika ya Kaya. Ernest ni mtu wa Rombo, na kwao kihamba, yaani shamba la ukoo, hutoka kwa baba, kwa hiyo akaweka kisanduku cha jina la baba, akakifanya cha lazima. Aliyejazwa hapo ndiye mmiliki, na watoto wake ndio warithi. Hakuona ajabu yoyote. Nani angeona, kama ndivyo alivyolelewa?

Lakini huku Uluguruni, jamani, ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba ni mgeni mwenye jembe. Lile shamba la bondeni lilikuwa la bibi yake Zuleha, sasa analikalia mama yake, Mwanaasha, na msimamizi wake kwa niaba ya ukoo ni kaka wa Mwanaasha, mjomba Dadi. Mtoto wa Kiluguru anayajua haya kabla hajajua kuvaa kandambili. Zuleha aliyajua vizuri sana. Ila Jumatano ile maabara, saa tisa alasiri, programu ilikuwa imekataa mara sita kuhifadhi shamba la mfano. Aliacha kisanduku wazi, ikakataa. Akaandika jina la mama, ikakataa. Kioo kikajaa maandishi mekundu, watu wamepanga foleni wanaitaka kompyuta, na Ernest anamwambia, "We weka jina la mzee wako ipite, tutarudi kurekebisha." Akaweka. Ikapita. Hawakurudi.

"Mama Zule!" Twalibu aliita. "Njoo uone elimu!"

*

Mwanaasha alikuja mikono ikiwa na utomvu wa ndizi. Hakuwa msomaji mkubwa, lakini jina la mumewe alilijua, na neno mmiliki alilijua pia. Alirudi jikoni, na Zuleha alipomfuata akaweka kisu chini.

"Umemwandika baba yako kwenye shamba la bibi yako?"

"Kompyuta ilikataa, mama. Ilitaka jina la baba."

"Ilitaka! Na wewe huna mdomo wa kuiambia?"

"Haisikii, mama. Ukishaijenga hivyo, inadai hivyo hivyo. Nitarekebisha Jumatatu."

"Jumatatu." Mwanaasha alilitamka neno hilo kama anatema kokwa. "Kaka yangu yuko ng'ambo ya mto hapo, watu wana midomo, wewe unaniambia Jumatatu. Nenda kamwambie baba yako sasa hivi."

"Akishakula, mama. Mwache ale kwanza na furaha yake."

Alikula haraka, mtu yule, bila hata kukaa vizuri. Zuleha alipotoka na maji ya kunawa alikuta mkeka mtupu. Twalibu alikuwa ameshateremka na karatasi yake mpaka kijiwe cha kahawa, akawapa watu watatu waisome mmoja baada ya mwingine kwa sauti, kisha akampelekea mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Laurenti, ambaye alisema nembo anaiona lakini yeye hahusiki. Twalibu alichosikia hapo ni neno nembo tu. Alirudi alasiri akiwa na vigingi kumi na viwili begani na kopo la rangi nyeupe.

Asubuhi ya Jumapili Zuleha alimkuta bondeni anagongelea kigingi cha tisa. Ukungu ulikuwa bado haujapanda. Mikarafuu ilisimama kwa mistari, mirefu kuliko nyumba, kila mmoja ameupanda yeye.

"Baba, ile karatasi ina kosa."

"Kosa gani?"

"Kwenye jina la mmiliki."

Twalibu hakuacha kugonga. "Mikarafuu hii nani kaipanda?"

"Wewe."

"Nani kachimba mfereji? Nani kauponza mgongo wake hapa miaka ishirini na mbili?"

"Wewe, baba, lakini..."

"Basi hakuna kosa. Nishikie hiki kigingi."

Na Zuleha, msomi wa chuo kikuu, akashika kigingi.

*

Dadi alivuka mto saa mbili asubuhi, kofia kichwani, panga kwapani. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miaka zaidi ya sitini, asiye na desturi ya kupaza sauti. Nyuma yake walikuja wapwa zake wawili, watoto wa dada yake mkubwa, Abdulmajid na mdogo wake, na kila mmoja ana fimbo.

"Shikamoo, mjomba," Zuleha alisema.

"Marahaba." Hakumtazama. "Shemeji, nasikia una karatasi."

"Ninayo, shemeji. Wengine huanza na salamu."

"Salamu baadaye. Nionyeshe."

Twalibu aliitoa kifuani, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Dadi akaisoma taratibu, mstari kwa mstari, kisha akainyoosha kwa Zuleha.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Wewe ni mtu wa ukoo gani?"

"Wa mama."

"Na ardhi hii?"

Zuleha alitazama chini. Huku mjomba, kule baba, na wote wawili wanamtazama yeye tu. Juu kwenye njia ya jikoni alimwona mama yake anateremka mbio, kanga imemdondoka kichwani.

"Sema, mwanangu," Twalibu alisema, tena kwa upole, anajiamini. "Waambie chuo kimeandika nini."

"Nimekosea, baba." Machozi yalimtoka kabla maneno hayajaisha. "Nisamehe. Programu haikukubali kuhifadhi bila jina la baba. Niliandika lako ili ipite tu. Ardhi ni ya ukoo wa mama."

Kisha Abdulmajid akaangua kicheko, kicheko cha kijana asiyejua anacheka nini. "Ili ipite tu! Kumbe baba mdogo umewekwa ili ipite tu!"

Kofi la Twalibu lilimpata Zuleha sikioni, akaanguka juu ya kigingi, mbavu zikalia. Kabla hajainuka akasikia teke kwenye paja. Baba yake hakuwahi kumpiga tangu amalize darasa la saba.

"Usimpige mtoto wetu!" Dadi alifoka.

"Mtoto wenu?"

"Mtoto wa ukoo wetu, ndiyo! Hujui? Ardhi yetu, mtoto wetu. Wewe chako hapa ni mikarafuu." Dadi akalichomoa panga kwapani, na safari hii mzee asiyepaza sauti alikuwa anapiga kelele. "Basi ing'oe! Ing'oe yote uibebe mpaka Turiani!"

Akaugeukia mkarafuu uliokuwa karibu. Pigo la kwanza lilibandua gome. La pili likazama. La tatu likaufanya mti mzima utetemeke, na majani yakawamwagikia vichwani. Mkarafuu huo ulikuwa umeanza kuzaa mwaka jana tu.

Twalibu alitoa sauti ambayo Zuleha hajaisahau mpaka leo. Haikuwa neno. Panga lake lilikuwa limechomekwa ardhini kando ya kopo la rangi. Akalikwanyua na kumrukia Dadi. Dadi aliliona, akarudi nyuma, akajikwaa kwenye kigingi, akaanguka chali. Twalibu akainua panga kwa mikono miwili.

Mwanaasha hakupiga ukelele wala hakumshika mumewe. Alijitupa katikati tu, juu ya kaka yake, na mkono wa kulia ameuinua kama anavyouinua mtu kuzuia jua. Panga likashuka.

Vidole viwili vilianguka kwenye majani. Cha tatu kilining'inia kwa ngozi. Kwa kitambo damu haikutoka, kisha ikatoka yote kwa pamoja, ikamrukia Dadi usoni na kwenye kofia, na Mwanaasha akautazama mkono wake akasema, "Loo, Baba Zule, umenikata."

Twalibu akaliachia panga. "Mama Zule," alisema, "sikuwa..."

Hakumaliza. Fimbo ya Abdulmajid ilimpata kisogoni, akaenda chini kwa magoti. Ya mdogo wake ikampata mdomoni, meno yakaruka. Wakampiga jamani, wakampiga kama watu wanaoua chatu, kichwani, mgongoni, kwenye vifundo vya miguu, na yeye hajikingi, mikono ameinyoosha tu kuelekea kwa mkewe. Fimbo moja ikavunjika. Abdulmajid akaitupa, akainama, akaokota jiwe la mtoni la ukubwa wa chungu, akaliinua juu ya kichwa.

Zuleha alitambaa akamlalia baba yake. "Niueni mimi!" alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyeandika! Yeye hajui hata kuwasha kompyuta, mnamuulia nini? Niueni mimi!"

Fimbo iliyobaki ilimshukia mgongoni mara mbili kabla mwenye nayo hajatambua anampiga nani. Chini yake alisikia baba yake anakoroma, na damu ya moto inamlowesha kifua.

"Acheni!" Ilikuwa sauti ya Dadi. Alikuwa amepiga magoti, ameuviringisha mkono wa dada yake kwa kanga, na kanga yote imeshalowa. "Acheni, mbwa nyie! Dada yangu anakufa huku! Leteni pikipiki!"

Abdulmajid alilishusha jiwe polepole, akaliweka chini kana kwamba lingeweza kuvunjika.

*

Mganga wa kituo cha afya aliufunga mkono kwa nguvu, akamchoma Mwanaasha sindano ya maumivu, akasema mengine ni ya hospitali ya mjini, na kule hawataki majeraha ya panga bila fomu ya polisi. Kituo cha polisi kilikuwa ukuta wa pili. Askari wa zamu alifungua fomu, akamtazama mama aliyekuwa ameegemezwa kwenye benchi, mweupe wa midomo.

"Nani kakukata?"

"Nilikuwa nakata ndizi," Mwanaasha alisema.

"Mkono wa kulia? Unakatia ndizi mkono gani, mama?"

"Niliteleza."

Askari akaweka kalamu chini. "Mimi siandiki hadithi. Hapa panahitaji jina la mshtakiwa. Bila jina sipigi muhuri, na bila muhuri msinilaumu huko mbele."

Dadi aliivua kofia yake yenye damu. Alijua vizuri nani alianza kukata nini. Damu ilikuwa imeanza kudondoka tena sakafuni, tone, tone, na kila mmoja alikuwa anaisikia.

"Mama," Zuleha alinong'ona, "mtaje."

"Ni mume wangu. Siwezi."

"Utakufa."

"Nimesema niliteleza."

Zuleha akasimama mbele ya kaunta. Sikio moja lilikuwa linalia kwa lile kofi na mgongo haukunyooka. "Twalibu Hamisi," alisema. "Ni baba yangu. Hakumkusudia mama, alimkusudia mjomba, na mjomba naye alikuwa amekata mti wake. Andika yote."

Askari aliandika jina. Mengine alisema yatasemwa mahakamani. Mwanaasha akaufunika uso kwa mkono mzima, na kutoka pale mpaka mjini hakumsemesha binti yake.

*

Alhamisi Zuleha aliingia darasani kwa kuchechemea. Ernest alikuwa amerekebisha kila kitu, macho mekundu, hajui pa kuyaweka; tangu aliposikia hakuacha kuomba msamaha, mpaka Zuleha akamwambia nyamaza, kisanduku ulitengeneza wewe lakini jina niliandika mimi. Walionyesha mchoro mpya ukutani. Shamba ni la Ukoo. Ukoo una Msimamizi. Mrithi hutafutwa upande wa mama. Kisha Zuleha akaeleza kwa nini mchoro wa kwanza ulikuwa na makosa, na yaliyotokea bondeni, bila kuficha hata teke.

Mwalimu Cecilia aliusogelea mchoro. "Sasa umeuweka ukoo," alisema, "na umemweka mjomba. Na aliyelima miaka ishirini na mbili? Mnionyeshe yuko wapi."

Zuleha aliutazama mchoro kutoka juu mpaka chini. "Hayumo, Mwalimu."

"Kwa mila yenu hayumo, au kwenu ninyi wawili hayumo?"

"Kote hayumo."

"Basi mkae muongeze. Siwapi alama za huruma. Mbuni programu anaandika watu waliopo, si watu aliowazoea." Walikaa mpaka saa kumi wakaongeza klasi ya Mlimaji, yenye mwaka alioanza na miti aliyoipanda. Mwalimu akaikagua, akawapa alama ya kufaulu.

*

Ijumaa baada ya swala alikwenda kituo cha polisi, alikofungiwa baba yake, na bakuli la wali na maharage. Twalibu aliletwa nondoni, jicho moja limefungwa, mdomo umevimba, meno ya mbele hakuna. Alishika nondo ili asimame.

"Mama yako?"

"Wamemshona. Vidole viwili vimepotea, cha tatu wamekiokoa. Katoka jana, yuko nyumbani."

"Alhamdulillahi." Akaegemea nondo. "Amesemaje?"

Safari hii Zuleha hakungoja. "Amesema hatatoa ushahidi, baba. Mjomba naye amesema hatadai kitu. Lakini ukoo umekaa, na mama amekubaliana nao. Ukitoka hapa usirudi Mzeleza."

Twalibu alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama anayesikiliza hesabu ndefu.

"Mradi wenu mlifaulu?"

"Tulifaulu."

"Kwa karatasi ile ile?"

"Hapana, baba. Tumeibadilisha. Mmiliki ni ukoo. Wewe tumekuandika mlimaji, na mikarafuu yako yote tumeiandika."

"Mlimaji," Twalibu alisema. Alijaribu kucheka, mdomo ukamuuma. "Sawa. Ndiyo kweli. Lakini nikwambie kitu, Zule, wala sikulaumu. Tangu Jumamosi mchana mpaka Jumapili asubuhi nilikuwa na kwetu. Nililala usingizi, mwanangu. Nililala usingizi ambao sijawahi kuulala tangu nizaliwe."

Zuleha aliegemeza paji la uso kwenye nondo akalia kwa sauti, bila kujali askari, bila kujali mahabusu waliokuwa wanachungulia. "Nisamehe, baba. Nisamehe."

"Basi, mama, basi." Mkono wa Twalibu ulipita kati ya nondo ukamshika bega, mkono ule ule, na Zuleha akashtuka mwili mzima bila kupenda. Twalibu akaona. Akaurudisha ndani taratibu, akauficha nyuma ya mgongo wake.

"Nenda nyumbani," alisema. "Mama yako atasonga ugali kwa mkono gani?"